Uzoefu wangu: kujifungua kwenye leba yenye mapazia, Dodoma

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimewanyima kwa ajili ya taa, na msinicheke, nitaeleza.

Nazungumzia kituo cha afya kimoja hapa Dodoma mjini nilikojifungulia mtoto wa pili mwezi Julai, kile kipindi cha baridi na upepo. Jina naliweka kapuni, maana zamu ikibadilika huduma nayo hubadilika. Bora ujue cha kuangalia popote utakapokwenda. Vifaa ni vilevile vya siku zote: mpira wa kutandika, glavu, pamba, nyembe, kibana kitovu, kanga za kutosha. Jipya ni mambo mawili. Kila kitanda cha leba kimezungushiwa pazia zito linalofika chini, na unaruhusiwa kuingia na mwanamke mmoja unayemtaka wewe, akae nawe mpaka mwisho.

Aliyejifungua mara moja tu, tena vizuri, anaweza kuona hayo ni mapambo. Mimi mtoto wa kwanza nilimzaa kwingine. Nyumbani uchungu ulikuwa umepamba moto, hata kuongea siwezi. Kufika kule, vitanda wazi vimepangana, mlango haupumziki, kila anayepita anachungulia, mwenzangu wa kitanda cha pili analia na anakaripiwa. Uchungu ukakata. Nesi akaniangalia kwa jicho la "huyu naye kaja kutusumbua". Nikatundikiwa dripu ya uchungu, na waliowahi kutundikiwa wanajua: haukupi nafasi ya kuvuta pumzi.

Safari hii, mkunga wa kliniki alinifafanulia kilichotokea, na kwangu maelezo yale peke yake ni nyota nzima. Uchungu unaendeshwa na oksitosini, homoni inayotoka kwenye ubongo kidogo kidogo, kwa vipindi. Inatoka vizuri mama akiwa ametulia, anajiona salama, hakodolewi macho. Akiogopa, mwili unamwaga adrenalini, ile inayokupandisha mapigo ya moyo ukishtuka. Hiyo inapeleka damu kwenye mikono na miguu na kuulegeza msuli wa kizazi, kwa hiyo uchungu unapoa. Ile ya dripu ni oksitosini pia, ya kutengenezwa, ila ikiingia kwenye mshipa haifiki kwenye ubongo kirahisi. Kizazi kinakaza lakini ile hali ya utulivu huipati. Mwanga nao una sehemu yake. Melatonini, homoni ya usiku, inasaidiana na oksitosini kukaza kizazi, na taa kali huipunguza. Si ajabu wengi wetu tunaanza kuumwa usiku wa manane.

Mama mdogo wangu, mfugaji wa Kongwa, nilimsimulia nikidhani nampa elimu. Akanijibu, "Mwanangu, mbuzi akikaribia kuzaa si anajitenga na wenzake? Mfuatefuate uone kama atazaa." Nikamchagua yeye aingie nami.

Tulitoka Nzuguni na bajaji usiku, uchungu umeshika. Pale mapokezi, kwenye mwanga mweupe, naulizwa jina, umri, mimba ya ngapi, namba ya simu ya baba, ukaanza kupoa tena. Lakini sasa nilikuwa najua ni nini, na hilo peke yake lilinipunguzia hofu. Tukaingia ndani ya pazia. Taa za leba ni zile tyubu ndefu, na swichi ni moja kwa chumba kizima, haziwezi kupunguzwa wala kuzimwa upande mmoja. Mama mdogo hakubishana na mtu. Alivua kitenge chake, akakirusha juu ya chuma cha pazia, akakivuta mpaka kivuli kikaangukia usoni kwangu. Halafu akaanza kunikandamiza kiuno kwa ngumi, taratibu, bila maneno. Uchungu ukarudi, tena kwa mpangilio: unakuja, unapanda, unaondoka, na katikati nasinzia kabisa. Hiyo ya kusinzia mkunga alisema ni endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili unajitengenezea.

Kupimwa, njia imefunguka sentimita tano. Hakuna aliyenihimiza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita tano, na unasema wazi kwamba kutofunguka sentimita moja kila saa si sababu peke yake ya kumchukulia mama hatua za kitabibu, ikiwa yeye na mtoto wako salama. Mwongozo huohuo unaruhusu mama asiye na tatizo ale, anywe na atembee, na unataka awe na mtu wake. Nilikunywa uji wa ulezi, nikazunguka kitanda, nikapiga magoti.

Doa lilitokea zamu ilipobadilika. Mhudumu mpya akafungua pazia lote bila hodi akitafuta faili la mwingine, na kitenge chetu kikaanguka. Uchungu ulififia, ukachukua muda kurudi. Kubisha hodi hakuhitaji bajeti, jamani.

Mwishoni kabisa adrenalini inarudi, na safari hii inasaidia. Kinywa kilikauka ghafla, nikasema nakufa, nikainuka na nguvu ambazo sijui zilikuwa wapi, na mtoto akaja. Wakamlaza kifuani kwangu akiwa bado na majimaji yake, wakatufunika kanga. Mimi nikachomwa sindano ya paja: oksitosini tena, yuniti 10, ya kuzuia damu isitoke nyingi. Niliona ikitolewa kwenye friji dogo pembeni ya dawati. Ulizeni kuhusu hilo friji mnapokwenda, kwa sababu dawa hii hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, ikikaa kwenye joto inapungua nguvu.

Sasa msije mkasema nawaambia pazia linazalisha. Dripu nayo ina kazi yake na imeokoa wengi. Mtoto akikaa vibaya, au kichwa kikiwa kikubwa kuliko nyonga, utulivu hausaidii. Mazingira hayatibu kifafa cha mimba. Mwenye presha, aliyewahi kupasuliwa au anayetoka damu aende hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama vitanda vimepangana wazi.

Kwa wengine, ulizeni mapema siku ya kliniki kama mtu wenu anaruhusiwa kuingia, maana mlangoni usiku si mahali pa kubishana. Na kama ni Julai bebeni soksi na sweta. Choo kiko nje ya jengo.