Bastola ndogo ya .22 ya kulenga shabaha: ipi ununue, na kwa nini

Nchini Marekani bastola ya .22, yaani ya risasi nyembamba yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22, ndiyo bastola ya kwanza kwa watu wengi wanaopenda kupiga makopo na karatasi za shabaha mwishoni mwa juma. Risasi zake ni rahisi kuliko za 9mm, hairushi mkono, na mtu mzima aliye mgeni kabisa hujifunza nayo bila kuogopa mshindo. Wenye bastola hizi hubishana sana juu ya jina lililochongwa ubavuni. Malalamiko yao ukiyachambua, mengi yanatokana na risasi na magazini (kisanduku kinachobeba risasi), si kiwanda. Kwa hiyo mpangilio ulio hapa chini umetanguliza bastola inayokubali risasi za aina nyingi bila kukwama. Usahihi, umbo na nakshi vinafuata.

Kwanza elewa kwa nini zinakwama

Risasi ya .22 LR (Long Rifle), ndiyo inayotumiwa na bastola hizi, ilibuniwa mwaka 1887 na umbo lake halijabadilika sana. Kiwashio chake hakiko katikati ya kitako kama cha 9mm. Kimepakwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako. Kikikosekana upande mmoja wa ukingo na pini ikagonga hapohapo, risasi hailipuki. Ndiyo sababu risasi bubu ni jambo la kawaida kwa .22, na mara nyingi ukiizungusha kidogo na kuirudisha chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi), inalipuka.

Pia bastola hizi ndogo hazina kufuli la mtutu. Ganda lenyewe hurudi nyuma na kuisukuma slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele. Nguvu ni chache, ndiyo maana viwanda hutengeneza slaidi nyepesi, aghalabu za alumini, zinki au mchanganyiko wa chuma na plastiki. Risasi ikiwa dhaifu, au masizi yakijaa, slaidi hairudi hadi mwisho: ganda hubanwa mlangoni likiwa limesimama, au risasi mpya haichukuliwi.

Tatizo la tatu ni ukingo wenyewe. Ndani ya magazini, ukingo wa risasi ya juu lazima uwe mbele ya ukingo wa risasi iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, risasi ya juu inanasa ya chini na zote mbili zinagoma. Mtu akivuta kitufe cha magazini hadi chini kabisa na kumwaga risasi kama njugu, tatizo hili linamsubiri. Vuta kitufe kiasi cha risasi moja tu, itumbukize, kisha vuta tena. Ukimaliza, gonga mgongo wa magazini kwenye kiganja.

Mpangilio wetu

1. Taurus TX22 na TX22 Compact. TX22 ya kawaida ilitoka mwaka 2019: mtutu wa inchi 4.1, magazini ya risasi 16, uzito chini kidogo ya gramu 500. Compact, ya mwaka 2023, ina mtutu wa inchi 3.6, magazini ya risasi 13, na imechongwa juu tayari kwa kilengeo cha nukta nyekundu. Wenye nazo husifu mambo mawili: triga laini isiyo na ukakasi, na tumbo lisilochagua chakula. Mpini wake umejaa mkononi, jambo ambalo bastola nyingi ndogo hukosa. Lalamiko la kawaida ni magazini moja kati ya mbili kuwa korofi. Iweke alama ya rangi chini, uone kama kukwama kunaifuata hiyohiyo, kisha uibadilishe. Kabla ya kununua kilengeo cha nukta, hakikisha matundu yake yanaoana na mchongo wa slaidi, kwa kuwa yapo ya vipimo mbalimbali. Kwa bei yake, hakuna inayoishinda katika kundi hili.

2. Smith & Wesson M&P22 Compact. Mtutu wa inchi 3.56, risasi 10, uzito wa takriban gramu 434. Ndani ina nyundo iliyofichwa, na sefti ya kidole gumba iko pande zote mbili, kwa hiyo mwenye mkono wa kushoto hapati taabu. Kilengeo cha nyuma kinarekebishika. Mtutu wake umefungwa kwenye fremu, hauchezi, na makundi ya matundu yanaonyesha hivyo. Inafunguka bila vifaa: toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, funga slaidi nyuma, zungusha wenzo wa kushoto, vuta slaidi nyuma, inua kisigino chake na uipeleke mbele. Kasoro yake ni kwamba bila magazini haifyatuki, jambo linalowaudhi wanaopenda mazoezi ya triga nyumbani. Anayetaka sefti ya wazi na umbo dogo aiweke hii namba moja.

3. SIG Sauer P322. Ilitoka mwaka 2022 ikiwa na magazini ya risasi 20, mtutu wa inchi 4, vilengeo vinavyong'aa na triga mbili za kubadilisha, bapa na iliyopinda. Ikikubali, ndiyo inayofurahisha kuliko zote. Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu magazini hiyo ndefu ndiyo inayoadhibu zaidi ujazaji wa haraka. Wengi wanaoilaani hubadilika baada ya kujifunza kuijaza risasi mojamoja. Ukitaka kufunga kilengeo cha nukta, kibao kinachotoka hubeba kilengeo cha nyuma, hivyo unabaki bila vilengeo vya chuma.

4. Ruger SR22. Mtutu wa inchi 3.5, risasi 10, uzito wa karibu gramu 500, nyundo ya nje. Ni ya tangu 2012 na imejijengea heshima ya kumeza risasi za bei rahisi. Tatizo ni triga: mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, inayofuata ni mifupi. Risasi ya kwanza huangukia chini ya nyingine. Kwa shabaha, vuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya mlio wa kwanza na tofauti hiyo inaisha. Mwenye mkono mdogo ataipenda. Mwenye kiganja kipana atakosa pa kuweka kidole cha mwisho asipotumia kitako kirefu cha magazini.

5. Glock 44. Umbo ni la Glock 19, mtutu wa inchi 4.02, risasi 10, na haina sefti ya nje. Inaingia kwenye ala ya Glock 19, lakini magazini haziingiliani. Aliye na 19 na anataka mazoezi ya bei nafuu ana sababu nzuri ya kuinunua. Kwa mwingine, risasi 10 kwa bei hiyo ni chache.

6. Walther P22. Ndiyo iliyofungua njia kwa kundi hili, na inashikika vizuri mno. Slaidi yake ni ya zinki, na za zamani zinajulikana kupata nyufa. Mtutu wake umekazwa kwa nati mbele. Nati ikilegea, risasi zinatawanyika na mtu anadhani macho yake yameharibika. Kaza kwa kifaa kilichokuja nayo. Inataka risasi za kasi. Za polepole inazikataa.

Kama si lazima iwe ndogo

Hapa tunasema waziwazi: anayelenga karatasi tu, asiye na shida ya nafasi, anunue Ruger Mark IV 22/45 Lite badala ya zote sita. Mtutu ni wa inchi 4.4, uzito ni kama gramu 700, na vilengeo havitembei na slaidi maana hakuna slaidi. Kinachorudi nyuma ni kipande cha chuma ndani ya mwili. Kitufe kimoja nyuma kinaifungua yote, tofauti na Mark za zamani zilizowatoa watu jasho. Browning Buck Mark nayo inalenga vivyo hivyo na triga yake ni tamu, ila skrubu za mhimili wa juu hulegea. Tia tone la gundi ya skrubu na uzikague kila unaposafisha.

Hesabu ya vilengeo inaeleza kwa nini. Chukua bastola yenye milimita 150 kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma. Kilengeo cha mbele kikipotoka milimita 1, kwenye shabaha ya mita 10 risasi inakosea kwa takriban milimita 67. Umbali huo ukiwa milimita 230, kosa lilelile linakuwa milimita 43 au 44. Mkono ni uleule na macho ni yaleyale. Ndiyo maana bastola za mfukoni kama Ruger LCP II ya .22, yenye mtutu wa inchi 2.75, na Beretta 21A Bobcat, ya inchi 2.4, hatukuzipanga kabisa: hazikutengenezwa kwa kazi hii.

Risasi: jaribu kabla hujalaumu

Bastola mpya ya .22 inahitaji risasi 200 hadi 300 za kasi ili izoee. Anza na CCI Mini-Mag, yenye kichwa cha uzito wa greni 40 (kama gramu 2.6), kilichopakwa shaba, inayotoka kiwandani kwa kasi ya futi 1,235 kwa sekunde. Ikikwama na hizi mara kwa mara ikiwa safi, basi tatizo ni la bastola au magazini. Baada ya hapo nunua visanduku vya risasi 50 vya aina tatu au nne, piga magazini mbilimbili za kila aina, andika ngapi zilikwama na kwa namna gani. Ndipo ununue kwa wingi. CCI Standard Velocity, ya futi 1,070, hulenga vizuri katika Mark IV na Buck Mark, lakini baadhi ya bastola ndogo haziisukumi slaidi vya kutosha. CCI Quiet, ya futi 710, iache; haikutengenezwa kuendesha slaidi. Risasi ambazo kichwa chake ni cha madini ya risasi yasiyopakwa shaba, yaliyopakwa nta tu, huacha utando mzito chembani, kwa hiyo safisha mapema zaidi.

Triga ikivutwa na mlio usitoke, usiifungue mara moja. Ielekeze kwenye shabaha kwa sekunde 30, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha toa magazini, vuta slaidi, utazame ganda: alama ya pini ikiwa na kina, risasi ni bubu, ikiwa hafifu, slaidi haikufunga sawasawa au pini ina uchafu. Mlio ukiwa mdogo kuliko kawaida, acha hapohapo. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki katikati ya mtutu, na kinachofuata kitaupasua. Ondoa risasi zote, ukague mtutu kabla ya jambo jingine lolote.

Safisha chemba, kucha ya kutolea ganda na uso wa slaidi kila baada ya risasi 300 hivi. Mafuta yawe tone moja kila upande wa reli. Yakizidi, masizi yanageuka matope. Usiifyatue ikiwa tupu isipokuwa kitabu chake kinaruhusu, kwani katika baadhi ya bastola pini hugonga ukingo wa chemba na kuuchimba. Ili kuzuia hilo, wenyeji wa mchezo huu hutumia plagi za plastiki za njano za ukutani, zile za kushikia skrubu, namba 4 hadi 6: zinaingia chembani sawasawa na zinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Kwenye bajeti ongeza miwani, viziba masikio, sanduku la kufungia lenye kufuli, na magazini mbili za ziada. Ukitoka kupiga shabaha, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kumshika mtoto. Vumbi la madini ya risasi hukaa kwenye ngozi na nguo, hasa katika viwanja vya ndani.

Sheria kwa mnunuzi aliye Marekani

Muuzaji mwenye leseni ya shirikisho hamuuzii bastola aliye chini ya miaka 21. Utajaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya ununuzi wa silaha, na utakaguliwa rekodi. Mwenye grini kadi anaweza kununua, na ataandika namba yake ya uhamiaji. Aliye na viza ya utalii au masomo kwa kawaida haruhusiwi, na kuna misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Usimnunulie ndugu au rafiki kwa kujifanya ni yako: ni kosa la jinai la shirikisho, hata kama fedha ni zake na nia ni njema. California, New York na New Jersey zina ukomo wa risasi 10 kwa magazini, Colorado 15, kwa hiyo P322 na TX22 ziulize kwa toleo la jimbo lako. Na usifikirie kuipakia kwenye sanduku unapokwenda kusalimia nyumbani Kenya au Tanzania. Huko kumiliki bastola kunahitaji leseni ya nchi husika, na kuitoa Marekani kuna sheria zake.

Ukinunua iliyotumika

Hakikisha ni tupu, ifungue, umulike mtutu kutoka nyuma. Pitisha kijiti cha mbao kwenye ukingo wa chemba: kikikwaruza mahali pamoja, pamechimbwa na pini, na maganda yatakuwa yakinata. Tazama midomo ya magazini kama imepanuka, na slaidi ya P22 kama ina ufa karibu na dirisha la kutolea maganda. Ikiwa ni Mark IV yenye namba inayoanza na 401 au WBR, iliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni 2017, inaangukia kwenye wito wa Ruger wa kurudishwa kiwandani: sefti ikiwa katikati, si juu wala chini, na triga ikavutwa, bastola ingeweza kufyatuka baadaye sefti inaposogezwa. Muulize muuzaji kama ilirekebishwa, kisha ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Ruger wewe mwenyewe kabla hujalipa.