Uzoefu wangu na chenga za mezani: GURPS na Pathfinder kwa wachezaji wa Kigoma

GURPS na Pathfinder ni michezo ya kuigiza mezani: kila mmoja anaigiza mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua kama amefaulu. Tathmini hii inahusu kitu kimoja tu ndani ya kanuni hizi mbili: chenga. Yaani unamtishia mtu kwamba panga linakwenda kichwani, akinyanyua ngao wewe unaingilia mbavuni. Aliyewahi kukaa Uwanja wa Lake Tanganyika siku ya mechi hahitaji kuelezwa: winga anayumbisha bega, beki anafuata bega, mpira umeshapita. Kazi iko kwenye kuigeuza ile kuwa namba, na hapo kila mchezo umeshika njia yake.

Nianze na GURPS, toleo la nne la mwaka 2004, kwa sababu hiyo inachezeka huku bila kuagiza dadu maalumu. Inataka dadu tatu za kawaida za nyuso sita, zile zile za ludo. Unarusha zote, unajumlisha, na jumla ikiwa sawa na ustadi wako (namba ya uwezo wa mhusika wako) au chini yake umefaulu.

Chenga inakula zamu nzima. Zamu hiyo hupigi. Silaha iwe tayari mkononi, na adui awe mahali inapomfikia. Kisha kila mmoja anarusha dadu dhidi ya ustadi wake wa silaha. Tuseme mko kwenye gati pale Ujiji, wewe una panga na ustadi 14, mlinzi ana panga lake na ustadi 12. Unapata 9, umefaulu kwa 5. Yeye anapata 11, amefaulu kwa 1. Tofauti ni 4, na hiyo 4 inakatwa kwenye kinga yake, yaani namba anayorushia dadu ili azuie pigo, utakapompiga zamu inayofuata. Kinga ya panga ni nusu ya ustadi kuongeza 3, kwa hiyo alikuwa na 9. Sasa amebaki na 5. Kupata 9 au chini kwa dadu tatu ni asilimia 37.5. Kupata 5 au chini haifiki asilimia 5. Mlinzi kwisha habari yake.

Yeye akishindwa dadu yake kabisa, unakata kiasi chote ulichofaulu nacho. Wewe ukishindwa yako, umepoteza zamu, basi.

Ninachokipenda hapa ni kwamba chenga ina ukubwa. Kuna chenga ya 1 ambayo ni danganya toto, na kuna ya 6 inayomwacha mtu akitazama ziwa. Tena inapimwa kwa ustadi wa kupigana, si wa kusema uongo, jambo ambalo kwangu ni sahihi: bondia hahitaji kuwa mwongo ili atishie kwa mkono wa kushoto.

Inapoharibika, sababu ni zile zile. Mtu anapiga chenga halafu anataka mwenzake ndiye apige. Haiwezekani, faida ni ya aliyeipiga tu. Mwingine anapiga chenga, zamu inayofuata anasogea au anachomoa silaha nyingine, kisha anauliza ile 4 yake iko wapi. Imekwisha. Na wapo wanaompiga chenga mtu asiye na kinga yoyote, kwa mfano aliyejitosa kushambulia kwa nguvu zote akaacha kujilinda. Huyo piga moja kwa moja, hana cha kupunguziwa. Kosa kubwa zaidi ni kumpiga chenga mtu mwenye ustadi sawa na wako: mara nyingi utapata tofauti ya 1 au 2 au patupu, na umelipa zamu nzima.

Kwa hali hiyo kuna pigo la hila, ambalo halikuli zamu. Kila ukijikata 2 kwenye ustadi, kinga yake inapungua 1 papo hapo, ila ustadi wako usishuke chini ya 10. Mwenye 14 anaweza kujikata 4 tu, na nafasi yake ya kupiga inaporomoka kutoka karibu asilimia 91 hadi 50. Mwenye 18 anajikata 4 hizo hizo na bado ana asilimia 91. Ndiyo maana mafundi wa kweli hawapigi chenga sana. Ipo pia njia ya kupiga chenga na pigo ndani ya zamu moja, lakini unabaki huna kinga hata kidogo mpaka zamu yako irudi. Ifanye akiwa amebaki adui mmoja, si vinginevyo.

Sasa Pathfinder, toleo la pili, la 2019 na marekebisho yake ya 2023. Kanuni zake zinasomeka bure na kihalali kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Pakua kurasa mapema kabla bando halijakata. Dadu ya nyuso 20 mtatumia ya programu ya simu, na ubishi wa nani kaigusa simu mjiandae nao.

Hapa kila zamu ina vitendo vitatu, na chenga ni kimoja. Unarusha dadu, unaongeza ustadi wako wa hadaa, na jumla inatakiwa ifikie umakini wa adui; lazima uwe umejifunza hadaa. Ukifaulu, adui anaachwa wazi: kinga yake, ambayo hapa ni namba ambayo pigo lako linatakiwa kuifikia, inashuka 2 dhidi ya pigo lako moja linalofuata la silaha ya mkononi, kabla zamu yako haijaisha. Ukipita kwa 10 au zaidi, inabaki hivyo kwa mapigo yako yote hadi mwisho wa zamu yako ijayo. Ukianguka vibaya, wewe ndiye unayeachwa wazi.

Nilipiga hesabu kwa mpiganaji wa ngazi ya 1: shambulio +7, kinga ya adui 16, hadaa +7 dhidi ya umakini 17. Pigo la tatu la zamu, pamoja na adhabu yake ya 10 (kila pigo la ziada ndani ya zamu linapunguziwa), linaleta wastani wa asilimia 15 ya madhara ya silaha. Chenga ikichukua nafasi yake inaongeza asilimia 11 hadi 13. Yaani kwa mpiganaji wa kawaida hailipi hata pigo bovu.

Kwa mwizi, mhusika anayeishi kwa kuvizia, ni habari nyingine kabisa. Adui aliyeachwa wazi anampa dadu ya ziada ya madhara, wastani 3.5, ambayo kwa upanga mfupi inakaribia kuongeza pigo mara mbili. Na aina ya mwizi aliye laghai, chenga yake ya kawaida tu inadumu hadi mwisho wa zamu ijayo. Huyo apige chenga kwanza, kila mara.

Tahadhari: mkimzunguka adui pande mbili tayari ameachwa wazi, na hali hiyo haijumlishwi mara mbili, kwa hiyo chenga juu yake ni hasara. Chenga ya kawaida ikiwa kitendo cha tatu haina kazi. Mishale hainufaiki. Maiti zinazotembea hazina akili ya kudanganywa. Asiye mwizi mwenye ulimi mkali atishe badala yake: adui akiogopa anapungua 1 kwa kila kitu, kwa faida ya kundi zima, na hiyo inajumlishwa na kule kuachwa wazi.

Dungeons & Dragons, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la 2014, sina la kusema sana; kwa kawaida chenga ni mbinu ya mpiganaji wa aina moja.

Kitu kimoja cha kusaidia kwenye meza yoyote: weka kizibo cha soda mbele ya aliyepigwa chenga. Kwenye GURPS andika namba kwa chaki juu yake. Pigo likishatua, au zamu ikipita, aliyepiga chenga ndiye anayekiondoa, msimulizi anayeongoza mchezo asiguse.