Masihi wa Maimonides na zama za Masihi za Wayahudi wa Mageuzi

Kwa Maimonides, mwanafalsafa na mwanasheria wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, Masihi ni mtu wa damu na nyama: mfalme wa ukoo wa Daudi, mwanazuoni wa Torati, anayewarejesha Israeli kwenye sheria na kupigana vita vya Mungu. Hapo anadhaniwa tu kuwa Masihi. Anathibitika akijenga Hekalu mahali pake na kuwakusanya waliotawanyika. Miujiza haidaiwi. Akiuawa kabla, siye. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bar Kokhba, kiongozi wa uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, mwaka 135, ingawa Rabi Akiva, mwanazuoni mkubwa wa wakati huo, alimwamini. Kipimo kikali, na ndiyo nguvu yake.

Wayahudi wa Mageuzi, tawi la kisasa la dini ya Kiyahudi, wengi wao wanangoja zama za haki na amani, si mtu. Tamko la Pittsburgh la 1885, la marabi wao wa Marekani, lilikataa hata tarajio la kurudi Palestina. Katika Amida yao, sala kuu ya Kiyahudi, neno "mkombozi" likageuzwa "ukombozi".