Uzoefu wangu: websaiti ya hoteli yetu Mombasa, fundi wa kwanza na fundi wa pili

Assalam alaykum wapendwa. Wenzangu wenye hoteli za chakula wananiuliza sana kama kuna haja ya websaiti na wampe nani kazi, basi leo naeleza yangu yote maana pesa nimetoa mara mbili na sipendi mwengine atoe mara mbili.

Mimi na mamangu tuna hoteli ndogo Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, meza nane tu. Asubuhi twauza mahamri na mbaazi za nazi, mchana biriani, pilau na samaki wa kupaka, jioni viazi karai, mishkaki na supu ya pweza. Wateja wetu wa kila siku hawana shida na websaiti, wao hata menyu hawaulizi. Websaiti ni ya yule aliyeshuka SGR Miritini asubuhi, akazunguka Ngome ya Yesu mpaka saa saba mchana, jua limewaka, njaa inamuuma, simu iko mkononi na hajui aingie wapi. Huyu ndiye tunayemtaka, na hili mwanzo sikulijua kabisa, mimi nilidhani websaiti ni kama bango, ikipendeza basi.

Fundi wa kwanza tulimlipa 45,000. Akatutengenezea kitu cha kupendeza kweli, ukifungua kuna video ya mawimbi inacheza juu, picha kubwa kubwa za bahari, maandishi yanaingia polepole kutoka pembeni. Kwenye laptopu yake ofisini ikafunguka papo hapo, mamangu akafurahi, nikalipa. Menyu tulimpa ile karatasi yetu ya kuchapisha akaipiga skani akaiweka vile vile kama PDF.

Sasa siku moja niko mlangoni namwagia maji vumbi, nikaona kijana na mkewe wamesimama kwenye kivuli cha baraza ya jirani wanaangalia simu. Kijana anapanua skrini kwa vidole viwili, anaivuta karatasi kulia, anaivuta kushoto, nikatupa jicho nikaona ni menyu yetu sisi! Mkewe akamuuliza, bei gani? Akamjibu subiri kwanza, bado yafunguka. Nikawaambia karibuni, karibuni ndani, lakini walishaanza kwenda zao. Nikaingia ndani nikazima waifai nikaifungua websaiti kwa data ya simu yangu kama vile mgeni anavyofungua, nikaanza kuhesabu. Nilifika 22 ndio picha ya kwanza ikatokea, na menyu yenyewe bado. Mwezi wa nne ule tangu tulipe, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kuifungua hivo. Ukitoka na neno moja tu hapa litoke hili, kabla hujalipa shilingi ya mwisho ifungue kwa simu ya kawaida, kwa data, ukiwa nje juani.

Alafu ikaja bei. Mchele ulipanda na mafuta yakapanda, biriani ya mbuzi tukaitoa 350 tukaipeleka 450. Nikampigia fundi abadilishe, akasema kila mabadiliko ni 2,000 na nisubiri wiki, nikaona acha kwanza. Akaja mzee mmoja na wajukuu wake, wakala biriani sita, nikaleta hesabu, yule mzee kwa adabu zake akatoa simu akanionyesha, mwanangu mbona hapa mmeandika 350? Mimi nikaanza kueleza habari za mchele, mamangu akatoka jikoni akanikata. Akasema, "Mtoze 350. Huyu amekuja na neno letu mkononi." Tukapoteza 600 siku ile lakini neno lile limeniingia mpaka leo, maana ni kweli, kilichoandikwa pale ni sisi tumesema, hakuna cha fundi hajabadilisha wala nini.

Desemba ndio ikawa mwisho wa mambo. Msimu umeanza, watu wa bara wamejaa mji mzima, websaiti ikapotea, ukifungua hakuna kitu. Kumbe domeini, yaani lile jina la websaiti unaloandika ukitaka kuifungua, ilikuwa imeisha mwaka wake na fundi aliisajili kwa jina lake na imeili yake, kwa hivo zile taarifa za kulipia zote zilikuwa zinaenda kwake na yeye alishahamia kazi nyengine, simu hashiki. Niwaeleze hapa kwa sababu wengi hawajui. Domeini zote zinazoishia na .ke ziko chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke hapa Kenya, lakini wewe unanunua kwa wauzaji walioruhusiwa na unalipia upya kila mwaka, .co.ke nimelipia elfu moja na kidogo, si pesa nyingi. Kinachouma si bei, ni jina la nani limeandikwa kwenye usajili, kwa sababu huyo aliyeandikwa ndiye mwenyewe, hata kama pesa ulitoa wewe na jina la hoteli ni la marehemu babu yako. Wiki tatu nilimtafuta kupitia watu mpaka akakubali kutuhamishia, na wiki tatu za Desemba mwenye hoteli Mombasa anajua ni nini.

Fundi wa pili ni binti, nilielekezwa na mwenye duka la viungo. Huyu ndiye ninayemsifu leo. Cha kwanza hakuzungumza habari za rangi wala picha, alitaka imeili ya hoteli akasajili kila kitu kwa jina letu, domeini, hostingi (pale websaiti inapowekwa mtandaoni), ukurasa wa Google (ule wa biashara unaotokea mtu akikutafuta), akatuandikia paswadi kwenye karatasi, mamangu akaiweka kabatini pamoja na leseni ya kaunti. Alitoza 30,000, alafu 1,500 kwa mwezi ya kuangalia, yaani kuapdeti programu na kuweka nakala ili ikiharibika irudi. Ametumia WordPress, programu ya kutengenezea websaiti, yenyewe ni ya bure na iko tangu 2003, akasema nimeichagua kwa sababu hata mimi nikiondoka mafundi wanaoijua ni wengi, hamtakwama. Fundi anayekuambia atakavyoondoka bila kukuumiza, huyo mshike.

Menyu ndio nilipenda alivyofanya. Alikaa na mamangu pale kwenye jiko la mahamri, akamwambia mama, nisomee chakula chako kama unavyomwambia mgeni aliyekaa mezani. Mamangu huku anasukuma unga akawa anasema na binti anaandika kwenye simu, samaki wa kupaka ni changu wa kuchoma na mchuzi mzito wa nazi, huliwa na wali ama mkate wa mofa, kama hataki pilipili aseme mapema. Vile vile ikaingia, maandishi ya kawaida na bei pembeni, si picha wala PDF. Maandishi yanafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, na Google inayasoma, kwa hivo mtu akitafuta samaki wa kupaka Mji wa Kale twatokea, zamani hatukuwa twatokea kabisa.

Video ya mawimbi aliitoa. Picha zikabaki sita, tulipiga wenyewe kwa simu karibu na dirisha la upande wa uani saa nne asubuhi wakati mwanga ni laini na biriani ndio imefunuliwa. Picha moja ya simu yangu ilikuwa na MB 4 na zaidi, yeye akazipunguza kila moja chini ya KB 200 na kwa macho sioni tofauti. Nikarudia kuhesabu kule kule mlangoni kwa data, sikufika tatu.

Juu kabisa kuna namba ya simu ukiigusa inapiga, WhatsApp, saa za kufungua na ramani. Ramani ilikuwa shida kubwa maana pini yetu ilikaa barabara ya nyuma, wageni wakizunguka vichochoroni na simu zao mpaka wanakata tamaa. Binti alitembea kwa miguu kutoka Ngome mpaka mlangoni kwetu akiandika njia, wapi tuktuk inaishia na wapi unakunja. Na saa za Ramadhani tunaziweka kabla mwezi haujaandama, mchana twafunga na twafungua kwa futari, kwa websaiti na pia kwa ukurasa wa Google ambako kuna sehemu ya saa za siku maalum, ni bure. Ila msitegemee ukurasa wa bure peke yake, ule mtindo wa Google wa kukupa kijiwebsaiti cha bure kwa biashara ulifungwa Machi 2024, kwa hivo muwe na cha kwenu.

Fomu ya kuweka meza nilitaka, akaniuliza majina na namba za watu mtaziweka wapi na nani atazisoma? Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, ukikusanya namba za watu una jukumu nazo. Meza nane, WhatsApp yatosha, tukaiacha.

Mapungufu yapo na nayasema. Ijumaa mchana humpati. Na mwezi wa tano aliapdeti kitu, kitufe cha WhatsApp kikafa siku mbili na mimi ndiye niliyegundua, si yeye. Alirekebisha na mwezi ule hakuchukua pesa yake, lakini ningependa aangalie mwenyewe baada ya kugusa. Nampa nne kati ya tano na nitaendelea naye.

Kubadilisha bei alinifundisha, nafanya kwa simu yangu. Juzi usiku pweza alipanda sokoni, nikiwa nimekaa barazani nikabadilisha supu kutoka 200 kuwa 250, dakika moja. Asubuhi mtu akapiga kuuliza supu ya pweza bado ni 250 kama mlivyoandika? Nikamwambia ndiyo, njoo jioni.