Mashine ya kufyekea majani: kagua giaboksi kabla hujauliza bei

Masika ya mwaka jana yalinikuta sijajiandaa. Kiwanja changu cha Kibaha ni nusu eka, na kufikia katikati ya Aprili majani yalikuwa yamefika kiunoni, watoto wanaogopa kwenda bombani kwa sababu ya nyoka. Vijana wa fyekeo niliowazoea walikuwa na kazi kila nyumba. Nikapanda gari hadi Kariakoo, nikanunua mashine ya kufyekea ya petroli, ile ya kuvaa begani, kwa shilingi laki tatu na nusu. Muuzaji aliiwasha mlangoni mwa duka, ikanguruma, nikalipa.

Nilifyeka nayo wiki tatu. Ya nne, nikiwa kando ya uzio, nikasikia mlio kama kokoto ndani ya sufuria. Injini ikaendelea kunguruma lakini kisu hakizunguki. Fundi akafungua kile kichwa cha chuma kilichopinda, mwisho kabisa wa bomba, pale panapofungwa kisu au uzi. Akakuta beringi imesagika, gia zimenyofoka meno, na ndani pakavu. Hapakuwa na grisi hata ya kupaka ukucha.

Kichwa hicho ndicho giaboksi, na mwongozo wangu wote unakizunguka hicho.

Nilirudi dukani nayo mkononi. "Mama, hii umeitumia vibaya," ndiyo salamu niliyopokelewa nayo. Nikamuuliza, "Kaka, ulipoiniuzia uliniambia inatiwa grisi?" Akasema kila mtu anajua. Basi nikanunua giaboksi mpya kwenye duka la spea, nikaipeleka Kibaha, haikuingia. Bomba la mashine yangu lina unene wa milimita 28, giaboksi niliyouziwa ni ya bomba la milimita 26. Nikairudisha, nikapewa ya 28, fundi akakuta shafti yangu, ile fimbo ya chuma inayozunguka ndani ya bomba, ina meno 9 na giaboksi ina matundu ya meno 7. Nauli ya safari tatu, siku tatu za kazi zimepotea, na majani yanaendelea kupanda. Sijawahi kuona mashine hizo zikiandikwa vipimo hivyo mahali popote, wala kwenye boksi wala kwenye kile kijitabu. Wewe ukienda kutafuta spea, nenda na giaboksi ya zamani na upime idadi ya meno ya shafti kwa macho yako.

Tangu hapo kila msomaji anayeniuliza anunue mashine gani huanza na nguvu ya injini, uzito na ulaji wa mafuta. Hayo muuzaji yeyote atakueleza bila kuombwa, kwa hiyo siyarudii. Hakuna anayeinama kuangalia kule chini. Na kule chini ndiko kazi nzito inakofanyika: shafti inakuja kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, na gia mbili ndogo, zisizozidi ukubwa wa kizibo cha soda, zinatakiwa kuugeuza mzunguko huo upige kona na kukizungusha kisu. Kisu kikigonga jiwe au kisiki, mshtuko wote unaishia kwenye meno hayo. Ndiyo maana uzi wa nailoni una faida ambayo watu wetu wanaidharau. Mmarekani George Ballas wa Houston, aliyebuni mashine ya uzi mwaka 1971, alianza na kopo alilolitoboa na kupitisha nyuzi za kuvulia samaki, akitaka kukata majani yanayozunguka miti bila kuchubua magome. Uzi ukigonga jiwe unakatika au unapinda, na gia hazijui kilichotokea. Kisu cha meno matatu ni cha matete na vichaka. Kwa ukoka wa uani tumia uzi, giaboksi itaishi.

Ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, omba mashine ikiwa imezimwa na uilaze chini. Shika kile kitako kinachofungwa kisu, kitikise kulia na kushoto, kisha kivute na kukisukuma. Kikicheza, beringi imeshakuwa mbovu hata kama mashine ni mpya. Kizungushe taratibu kwa mkono ukiwa umesogeza sikio: kiende laini, kisikwaruze. Halafu tafuta bolti ndogo ubavuni mwa giaboksi. Hiyo ndiyo inayoziba tundu la grisi. Mwambie muuzaji aifungue. Ukiona grisi kwenye tundu, vizuri. Ukiona chuma kinang'aa kikavu, dai itiwe grisi mbele yako. Kama giaboksi haina bolti hiyo kabisa, mwachie mashine yake. Muuzaji atakayekataa kufungua bolti moja kwa mteja mwenye fedha mkononi, huyo hata ukipata tatizo hatakusaidia.

Sasa upangaji wangu, na sifichi upande ninaoegemea.

Ya kwanza ni Stihl FS 250. Injini ya sentimita za ujazo 40.2, kilowati 1.6, usukani wa mikono miwili kama wa baiskeli. Ndiyo ninayotumia sasa, na ndiyo ningemnunulia mama yangu. Sababu yangu ni giaboksi. Ina tundu la grisi linalofikika bila kufungua kitu kingine, na kijitabu chake kinasema wazi: kagua grisi kila baada ya saa 25 za kazi, ongeza gramu 5 hadi 10 ikihitajika, usijaze mpaka juu. Sentensi hiyo moja ingeniokolea mashine ya kwanza. Beringi haina mchezo hata baada ya msimu mzima wa kufyeka kwangu na kwa jirani. Ukiwa na uwanja mdogo wa majani laini tu, FS 55 ya sentimita za ujazo 27.2 inakutosha, ila usiifungie kisu ukaingia nayo kwenye matete.

Tahadhari: rangi ya chungwa na nyeupe imeigwa sana. Nimeona mashine za rangi hizo, zimeandikwa jina lilelile, zinauzwa kwa bei ya mashine ya kawaida. Nunua kwa wakala, dai risiti yenye namba ya mashine, na ukiona bei imekuwa rahisi ghafla, ondoka.

Ya pili ni Honda UMK435. Hii ina injini ya GX35, sentimita za ujazo 35.8, ya mipigo minne. Maana yake huchanganyi oili na petroli. Oili inakaa chini ya injini kama kwenye gari, na inahitaji mililita 100 tu, chini ya nusu kikombe cha chai. Kwa mtu anayemwachia kijana mashine na hana uhakika kama atachanganya sawasawa, hii inamwondolea wasiwasi mkubwa. Moshi wake ni mdogo na sauti haichomi masikio. Nimeiweka ya pili kwa sababu spea za kule chini zilinisumbua kupata nilipomsaidia shemeji yangu kutafuta, lakini giaboksi yake imetengenezwa vizuri na sina neno baya juu yake. Kitu kimoja: oili ikipungua, injini ndogo kama hiyo haina akiba. Angalia kipimo kila unapowasha.

Ya tatu, Husqvarna 143R-II. Imara, ya kazi nzito, inafaa shambani kuliko uani. Kama wakala wake yuko karibu nawe, huwezi kujuta. Kwangu yuko mbali.

Halafu ziko zile za laki mbili na nusu hadi nne, zenye majina mapya kila mwaka. Kama bajeti ndiyo hiyo, nunua ile ambayo duka linaweza kukuonyesha giaboksi ya spea rafuni siku hiyohiyo, na ununue zote mbili pamoja. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ila nina la kusema juu ya wanaoziuza. Angalia ubavuni mwa injini, au kwenye kibati, utaona namba kama 1E40F-5 au 1E44F-5. Hiyo 40 au 44 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Ya 44 inatoa sentimita za ujazo 51.7, ndiyo inayoitwa 52. Ya 40 inatoa 42.7, yaani 43. Sasa nenda madukani uone ni mashine ngapi zimebandikwa "52" kubwa nyekundu huku chini yake kumechongwa 1E40F. Nimeona hata zilizoandikwa 63 juu ya injini hiyohiyo. Mtu analipa zaidi kwa namba ya kwenye karatasi ya gundi. Nilipomwonyesha muuzaji mmoja alinijibu kwamba wateja wanataka namba kubwa. Wateja wanataka ukweli, kaka. Mama anayeuza maandazi miezi sita ili kijana wake apate mashine ya kufyekea viwanja vya watu hastahili kuuziwa kibandiko.

Na garanti. Ukiambiwa ina garanti ya mwaka, uliza giaboksi na klachi zimo au hazimo, na iandikwe kwenye risiti. Yangu ya kwanza ilikuwa na garanti ya miezi sita, kumbe ni ya injini pekee, na injini mpaka leo ni nzima.

Utunzaji nao si mgumu, unataka ratiba tu. Nusu eka yangu inanichukua karibu saa tatu, kwa hiyo kila nikishafyeka mara nane nafungua bolti ya giaboksi. Natumia grisi ya lithiamu ya kawaida, ile ya beringi za magari, kutoka kwenye tyubu ndogo. Usijaze mpaka ifurike: ikizidi inachemka, inasukuma nje sili, yaani kile kizuizi cha grisi na vumbi, na baada ya hapo vumbi linaingia na grisi inatoka. Baada ya dakika kumi za kazi, zima, kisha sogeza kiganja karibu na giaboksi bila kuigusa kwanza. Joto la kawaida ni sawa. Ikikuchoma mkono kabla hujaigusa, kavu. Kila ukimaliza kazi, fungua kisu au kichwa cha uzi, utoe majani yaliyojisokota kwenye ekseli. Majani hayo yanakaza kama kamba ya katani na yanakata sili pole pole. Kumbuka nati ya pale inafunguka kinyume: unazungusha kulia kuilegeza, na ubavuni kuna kitundu cha kupitisha bisibisi ili ekseli isizunguke. Wengi wamevunja nati hiyo kwa kuilazimisha kushoto.

Kwa mashine za mipigo miwili, oili ni ya 2T, basi. Oili ya injini ya gari, hata iwe mpya na ya bei, inaziba plagi na kuacha masizi kwenye njia ya moshi. Stihl na Husqvarna zinataka mililita 20 kwa kila lita moja ya petroli. Nyingi za bei ndogo zinataka 40. Nunua kikombe chenye vipimo duka la dawa, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutumie. Kiangazi kikianza na mashine inakwenda kupumzika, mwaga petroli yote, iwashe mpaka izime yenyewe, ili kabureta isibaki na ute. Uzi wa nailoni uliokauka na kukatikakatika, uloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha, utarudi laini.

Miwani na buti vaa, na yeyote asisogee ndani ya mita 15. Jiwe linalorushwa na kisu halichagui.

Jumamosi iliyopita kijana wa jirani aliniletea mashine yake mpya, imenunuliwa siku mbili tu zilizopita, tuikague pamoja. Tulifungua bolti ya giaboksi pale barazani. Kavu. Nikampa tyubu yangu, akatia kidogo, akaizungusha kwa mkono mpaka grisi ikaonekana kwenye meno, akafunga, akaenda kufyeka.