Usindikizaji wa Kimataifa Nchini Guatemala: Tathmini ya Huduma Isiyouzwa

Kwa desturi zetu, mgeni hasindikizwi kwa kuwa hajui njia. Husindikizwa ili walioko njiani waone kwamba mtu huyo ana wenyewe. Sijapata maelezo bora zaidi ya huduma ninayoitathmini hapa, ambayo watu wa Guatemala huiita acompañamiento na ambayo kwa Kiswahili haina jina linaloifaa kuliko usindikizaji. Wageni wasio na silaha hutembea na kukaa karibu na viongozi wa vijiji, mashahidi wa mauaji na watetezi wa ardhi waliotishiwa maisha, ili anayekusudia kuwadhuru ajue kwamba kitendo chake kitaonwa na kusimuliwa hadi ng'ambo.

Huduma hii ina umri mkubwa kuliko wengi wanaojitolea kuitoa. Shirika la Peace Brigades International, lililoundwa mwaka 1981, lilipeleka kikosi chake Guatemala mwaka 1983, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati ambapo kuuliza hadharani mwanao aliyechukuliwa na askari yuko wapi kulitosha kukupoteza na wewe. Mwaka uliofuata, ndugu za watu waliotoweka walianzisha kundi la GAM, na mikutano yao ya mwanzo waliifanyia katika nyumba ya wasindikizaji hao. Mwaka 1985 viongozi wawili wa kundi hilo, Héctor Gómez Calito na Rosario Godoy de Cuevas, waliuawa katika muda usiozidi wiki moja. Tangu hapo wageni walikaa na viongozi waliobaki usiku na mchana. Mmoja wa waliobaki, Nineth Montenegro, aliishi hadi akawa mbunge. Wasindikizaji wenyewe hawakusalimika kabisa, kwani mwaka 1989 nyumba yao ilirushiwa guruneti, na baadaye mwaka huohuo watatu miongoni mwao walichomwa visu.

Kinachonifanya niithamini huduma hii kuliko aina nyingine nyingi za mshikamano ni kwamba iliombwa. Sote tumeona misaada inayowafikia watu bila wao kuulizwa wanataka nini. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Makumi ya maelfu ya wakimbizi, wengi wao Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliokimbilia Mexico kuokoa maisha, walikataa kurejea kwa ahadi za mdomo. Walikaa mezani na serikali yao, na katika makubaliano ya tarehe 8 Oktoba 1992 walidai, wakapata kwa maandishi, haki ya kusindikizwa na wageni wakati wa kurudi. Msafara wa kwanza, wenye watu wapatao 2,500, uliingia Guatemala tarehe 20 Januari 1993 ukielekea Ixcán. Uzito wa dai hilo huonekana vizuri zaidi katika ripoti ya mwaka 1999 ya tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa: zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kutoweka, Wamaya wakiwa asilimia 83 ya waathirika waliotambuliwa, na asilimia 93 ya maovu yaliyoandikwa yakihesabiwa kuwa ya dola na wanamgambo wake. Mtu anayerudi katika nchi ya namna hiyo haombi blanketi kwanza. Anaomba shahidi.

Kuhusu ubora wa kazi yenyewe, sifa kubwa ni nidhamu. Msindikizaji hatoi fedha, hashauri mkakati, hasemi kwa niaba ya jamii na hachagui upande wa siasa. Kabla ya safari, kikosi huwaarifu wenye mamlaka na balozi kwamba kitakuwepo, kwa maana kuonekana ndiyo kinga yenyewe. Niliposoma masharti haya mara ya kwanza niliyaona kuwa makavu mno, na nilijiuliza mtu mwenye moyo atawezaje kukaa kimya mbele ya dhuluma. Kesi ya Waixil, mojawapo ya jamii za Wamaya, ilinibadilisha mawazo. Tangu mwaka 2000, mashahidi wa chama cha AJR, ambao ni manusura wa vijiji vilivyochomwa, walikuwa wakitembelewa majumbani mwao na wasindikizaji walioratibiwa na ACOGUATE, mradi mwingine wa usindikizaji wa kimataifa nchini humo. Tarehe 10 Mei 2013, Efraín Ríos Montt, aliyewahi kuitawala nchi hiyo kijeshi, alihukumiwa kifungo cha miaka 80 kwa mauaji ya kimbari na jinai dhidi ya ubinadamu. Siku kumi baadaye Mahakama ya Katiba iliibatilisha hukumu hiyo. Hata hivyo, ushahidi ulikwisha kutolewa mbele ya dunia na Waixil wenyewe, kwa lugha yao na kwa vinywa vyao, na hakuna mgeni aliyewanyang'anya nafasi hiyo. Ukimya wa msindikizaji, nilikuja kuelewa, ni heshima.

Naipa nyota nne kati ya tano, na nitaeleza kwa nini nimeizuia moja. Kinga hii imejengwa juu ya dhuluma nyingine: anayetaka kuua husita kwa sababu maisha ya mgeni, hasa mwenye pasipoti ya Ulaya au Amerika ya Kaskazini, huhesabiwa kuwa na gharama kubwa kuliko ya mkulima wa Kimaya. Msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita jambo hili kwa haraka. Kosa si la wasindikizaji, nao huutumia upendeleo huo kwa ajili ya wasio nao. Lakini chombo kinachotegemea ukosefu wa usawa hakiwezi kuuondoa.

Isitoshe, mbinu za kuwanyamazisha watu zimebadilika. Bernardo Caal Xol, mwalimu wa Kiq'eqchi', jamii nyingine ya Wamaya, aliyepinga miradi ya umeme ya Oxec katika mto Cahabón, hakupigwa risasi. Alikamatwa mwaka 2018, akahukumiwa miaka saba na miezi minne, na akatoka Machi 2022. Mbele ya hati ya kukamatwa, msindikizaji anaweza kukaa katika benchi la mahakama, kuandika na kuwatembelea walio gerezani, lakini hawezi kusimama kati ya mtu na pingu.

Kwa anayefikiria kujitolea, matakwa ni mazito, na nadhani ni sawa yawe mazito. Kikosi cha Peace Brigades International nchini Guatemala hutaka mtu mwenye umri usiopungua miaka 25, anayemudu Kihispania na aliye tayari kukaa mwaka mzima katika nyumba ambamo maamuzi hufanywa kwa maafikiano. Kihispania pekee hakitoshi, kwa kuwa nchi hiyo ina lugha 22 za Kimaya, na bibi wa Kiq'eqchi' anayesimulia usiku wa mauaji huisimulia kwa lugha aliyolelewa nayo. Anayejua tofauti ya kumsikiliza mzee kwa Kiswahili na kumsikiliza kwa Kitaita au Kihaya ataelewa nasema nini. Aulizie mapema nani atakalimani. Na asiyeweza kufika Amerika ya Kati afahamu kwamba shirika hilo limekuwa na mradi Kenya tangu mwaka 2013, likifanya kazi na watetezi wa mitaa ya kipato cha chini jijini Nairobi, ambako polisi na raia wamekuwa na historia yao.