Land Cruiser ya Injini ya 1HZ: Nguvu Zake na Gharama Zake
Sifa kubwa ya Toyota Land Cruiser ya zamani yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ni kwamba pampu yake ya mafuta haitegemei kompyuta, hivyo fundi mzoefu anaweza kuihudumia hata mbali na mji. Kwa kuwa haina turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, ikibeba mzigo mlimani hujikongoja, na mafuta hunywa bila haya. Mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, ubadilishwe mapema, kwani ukikatika valvu hugonga pistoni. Maji yanayokusanyika kwenye filta ya dizeli nayo yamwagwe mara kwa mara, la sivyo yataharibu pampu na nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini, ambazo bei yake haichekeshi.